Vinyumba vyangu vya zama za kati vinafanana na keki, naombeni ushauri

Mjenga Kijiji: Wakuu, habari za muda huu. Natengeneza kijiji cha Uingereza kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, kipindi cha Vita vya Mawaridi (1455 hadi 1487), askari wa kuchezea wa milimita 28. Nina nyumba tatu: mbili za MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) iliyokatwa kwa leza, moja nimeichonga mwenyewe kwenye foumu ngumu. Kuta nimepaka nyeupe pe, boriti nyeusi tii, paa la nyasi njano. Nikiweka askari niliowahangaikia wiki mbili, wanaonekana wamesimama mbele ya keki ya harusi. Ile ya foumu ndiyo usiseme. Niliipulizia rangi ya kopo, kona nzima ikalika kama sukari iliyomwagiwa maji. Naanzia wapi bila kutupa kila kitu?

Boriti Kijivu: Pole mkuu. Mkono wako hauna shida, shida ni picha uliyoifuata. Mtindo wa boriti nyeusi na kuta nyeupe ulishamiri zaidi karne ya 19, enzi za Malkia Victoria. Kabla ya hapo boriti nyingi za mwaloni ziliachwa bila rangi, zikapigwa jua na mvua mpaka zikawa za kijivu.

Kwa hiyo hiyo nyeusi usiifute, ifanye msingi. Juu yake paka kahawia iliyochanganywa na kijivu, acha nyeusi kwenye mianya tu. Ikikauka, chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye kijivu cha mchanga, halafu ifute kwenye karatasi mpaka udhani haina kitu tena. Pitisha kwa kukingama na mistari ya mbao, usiifuate. Ukiona rangi imeshika vilele peke yake, acha. Wengi wanaharibu hapa kwa kutaka kuongeza kidogo.

Kuta nazo ni fito zilizokandikwa udongo, zikapakwa chokaa. Chokaa haibaki nyeupe. Tia tone la njano ya udongo kwenye nyeupe yako, na chini, pale mvua inaporusha tope, shusha kahawia nyembamba yenye maji mengi.

Mama Sponji: Kuhusu foumu: kilichoila ni kiyeyushi cha kwenye kopo, si rangi yenyewe. Siku nyingine changanya gundi nyeupe na rangi ya akriliki, paka mara mbili kwa brashi, hasa kwenye kona na mikato. Hata hivyo mimi kopo silisogezi karibu na foumu, tundu moja likibaki wazi umekwisha. Na zile kingo za MDF zinakunywa rangi balaa, zizibe kwa gundi hiyohiyo kabla ya yote.

Kamanda wa Meza: Mimi natofautiana kidogo na Boriti. Historia sawa, lakini mchezo tunautazama tukiwa tumesimama. Ukipaka kila kitu kijivu, kijiji kinageuka uji. Acha boriti ziwe nyeusi zaidi kidogo kuliko ukweli.

Boriti Kijivu: Hapo sikatai. Ila nyeusi zaidi kidogo siyo lami, mkuu.

Mwezeka Paa: Mmesahau paa! Nyasi zinakuwa njano zikiwa zimeezekwa juzi tu. Baada ya misimu kadhaa ni kahawia inayokwenda kijivu. Paka kahawia nzito, kisha brashi kavu ya rangi ya mfupa kutoka kileleni kwenda chini, jinsi maji yanavyotiririka. Tia ukijani kidogo upande usiopata jua. Na kama nyumba haina dohani, moshi ulitokea kwenye tundu la paa, kwa hiyo weka masizi hapo.

Mjenga Kijiji: Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu ukuta wa nyuma, ili nikiharibu asione mtu. Boriti zimekubali, nimefuata ya Kamanda nikaziacha na giza kidogo. Ile kona iliyolika sikuiziba. Nimeirundikia changarawe na vijiti vilivyoungua, sasa ni nyumba iliyochomwa na adui. Swali la mwisho: masizi juu ya dirisha, brashi au sponji?

Mama Sponji: Unaniuliza mimi kweli? Sponji, kipande kisichozidi kucha. Gusa nyeusi, bonyeza kwenye karatasi kwanza, halafu donoa ukutani ukielekea juu.