Nyanya ni tunda au mboga, na jibu linabadilisha nini jikoni?

Kokwa

Wakuu, habari zenu. Vitabu vya biolojia vinaiweka nyanya kwenye matunda, pamoja na tango, bilinganya, bamia na boga. Vitabu vya mapishi vinaziita zote mboga. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie mambo mawili. Kwanza, mpaka hasa uko wapi? Pili, mpaka huo una maana yoyote kwenye kuhifadhi? Maelekezo mengi ya kuhifadhi vyakula kwenye chupa yanasema matunda yachemshwe kwa maji ya kawaida, lakini mboga lazima sufuria ya presha. Nyanya iende upande gani?

Chavua

Mkuu, hayo maneno mawili hayashindani. "Tunda" linataja kiungo cha mmea. "Mboga" ni neno la jikoni, na botania haina kundi lenye jina hilo. Kwa hiyo nyanya ni tunda na ni mboga kwa wakati mmoja, bila ubishi.

Ua likichavushwa, petali hunyauka, ovari iliyo kwenye kitako cha ua hutanuka, na ovuli zilizo ndani yake hugeuka mbegu. Ovari iliyokomaa ndiyo tunda. Ukitaka kupima haraka, tazama ncha mbili: upande mmoja pana kikonyo, upande wa pili pana kovu la ua. Tango changa mara nyingi bado lina ua lililokauka nchani. Kisha kata, utaona mbegu. Kwa kipimo hicho bamia, hoho, bilinganya, boga na parachichi yote ni matunda. Ganda la njegere ni tunda, njegere zenyewe ni mbegu. Punje ya hindi ni tunda zima. Ndizi nayo ni tunda ingawa zinazolimwa kwa ajili ya kuliwa hazina mbegu, kwani ovari yake hutanuka bila kuchavushwa. Vile vidoa vyeusi vya katikati ni mabaki ya ovuli.

Mboga nyingine ni viungo vilivyobaki. Mchicha ni jani, karoti ni mzizi, koliflawa ni maua yasiyochanua, kitunguu maji ni majani manene yaliyofungamana. Kiazi mviringo ni shina, na macho yake ni machipukizi, wakati kiazi kitamu ni mzizi. Uyoga hata mmea si.

Kiswahili nacho kinaongeza chumvi: kwa wasemaji wengi mboga ni kitoweo chochote, hata samaki.

Mizani

Chavua umeeleza vizuri, ila "ovari iliyokomaa" haitoshi kwa kila kitu tunachokiita tunda. Sehemu kubwa ya nyama ya tofaa haitokani na ovari bali na sehemu ya ua inayoizunguka ovari. Ovari ni ule moyo tunaoutupa. Stroberi vivyo hivyo: vile vinavyoonekana kama mbegu juu ya ngozi ndiyo matunda yenyewe, kila kimoja na mbegu yake ndani. Bibo la mkorosho ni kikonyo kilichovimba, na tunda halisi ni lile lenye ganda gumu linaloning'inia chini yake.

Sheria nazo zina mipaka yake. Huko Marekani, sheria ya ushuru ya 1883 ilitoza asilimia 10 kwa mboga zilizoingizwa kutoka nje, matunda mabichi yakaachwa bila ushuru. John Nix, mfanyabiashara wa New York, alimshtaki Edward Hedden, mkusanya ushuru wa bandari, akidai arudishiwe pesa zake kwa kuwa nyanya ni tunda. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba kibotania ni tunda, kisha ikaamua kwamba kwa ushuru ni mboga, kwa sababu watu huila pamoja na mlo wenyewe, si baada ya mlo. Umoja wa Ulaya ulienda kinyume: katika kanuni zake za jamu za 2001, nyanya, karoti na viazi vitamu vyote vinahesabiwa kuwa matunda. Karoti, mzizi mtupu, ni tunda ikiwa ndani ya chupa ya jamu!

Ghala Baridi

Kwa swali la pili, sehemu ya friji. Kujua kama ni tunda au mboga hakukusaidii. Uliza mmea asili yake ni nchi za joto au za baridi. Mimea ya joto huumia chembe zake kwenye baridi hata kabla ya kuganda. Ndizi chini ya nyuzi 13 za Selsiasi ganda linakuwa la kahawia na haiivi vizuri. Tango na bilinganya chini ya 10 kwa siku kadhaa hupata mabonde yenye majimaji, kisha huoza. Nyanya chini ya takriban 12: ikiwa mbichi haitaiva sawasawa, ikiwa mbivu inapoteza harufu. Kiazi kitamu ni mzizi, lakini nacho chini ya 13 moyo wake unakuwa mgumu na haulainiki ukipikwa. Upande wa pili, tofaa na zabibu ni matunda na zinakaa vizuri karibu na 0, sawa na karoti, kabichi na spinachi.

Jambo jingine ni gesi ya ethilini. Tofaa, ndizi, embe, parachichi na nyanya huitoa zikiiva, na zinaendelea kuiva baada ya kuchumwa. Usiziweke droo moja na karoti (zinakuwa chungu), brokoli au tango (yanageuka manjano). Chungwa, zabibu na nanasi haziongezi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo usipoteze muda kuzivundika.

Kifuniko

Swali la chupa ndilo la hatari, na linaamuliwa na asidi tu. Mpaka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua). Juu ya hapo, ndani ya chupa isiyo na hewa, mbegu za bakteria Clostridium botulinum zinaweza kuota na kutoa sumu, na chakula kisibadilike harufu wala rangi. Mbegu hizo haziuawi na maji yanayochemka kwa nyuzi 100; zinahitaji 116 hadi 121, joto ambalo sufuria ya presha pekee hulifikia.

Matunda mengi yako chini ya 4.6, ndiyo chanzo cha ile kanuni uliyoisoma. Ila papai, tikitimaji na boga ni matunda na yako juu. Nyanya iko mpakani hasa, takriban 4.3 hadi 4.9 kutegemea aina na uivaji, kwa hiyo huongezewa asidi kila mara. Kwa chupa ya karibu lita moja weka vijiko vikubwa 2 (mililita 30) vya maji ya limau ya chupa, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitiriki. Kwa nusu lita weka nusu yake. Limau la kukamua halifai, asidi yake hubadilika kutoka limau hadi limau. Ukali ukizidi ongeza sukari, usipunguze asidi. Nyanya zilizopondwa na kujazwa zikiwa moto zichemshwe ndani ya chupa, kwa maji ya kawaida, dakika 35 kwa nusu lita, 45 kwa lita, kwa mahali pasipozidi mita 300 juu ya bahari. Ukiwa juu zaidi muda unaongezeka, maana maji huchemka kwa joto dogo.

Kokwa

Asanteni sana. Na nyanya nikichanganya na vitunguu, hoho na kitunguu saumu kwenye chupa hiyohiyo?

Kifuniko

Hapo kipimo cha limau nilichotoa hakitoshi tena. Vitunguu, hoho na saumu vyote vina asidi ndogo na vinapandisha pH ya mchanganyiko mzima. Hifadhi nyanya peke yake, vingine viongeze siku ya kupika. La sivyo, gandisha mchanganyiko huo kwenye friza.