Kutoka uhandisi wa vifaa tiba hadi utafiti wa picha za kitabibu: nianzie wapi?

FundiEksirei: Wakubwa, shikamooni. Nina shahada ya uhandisi wa vifaa tiba na ninahudumia mashine za eksirei na ultrasound katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Kinachonivutia zaidi ni uchambuzi wa picha kwa kompyuta, na nia yangu ni kusoma hadi uzamivu, kisha niwe mtafiti na mhadhiri. Je, mtu asiye daktari anapokelewa katika fani hii, na nifanye nini wakati natafuta ufadhili?

DaktariWaPicha: Marahaba, mdogo wangu. Unapokelewa, tena unahitajika, kwa sababu wanaojua kuandika programu ni wengi, lakini wanaojua picha inavyopatikana ndani ya mashine ni wachache. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba modeli ya kompyuta iliyofundishwa kutambua nimonia katika picha za kifua iliweza pia kutambua picha imetoka hospitali gani, ikisaidiwa na alama kama ile ya chuma ambayo mpiga picha huiweka pembeni, na ilipopelekwa hospitali nyingine ufanisi wake ulishuka. Wewe unayeiona alama hiyo kila siku ungeitilia shaka mapema. Hata mashindano ya BraTS, ya kubainisha uvimbe wa ubongo katika picha za MRI, yaliongeza mwaka 2023 sehemu ya picha kutoka Afrika kusini mwa Sahara, kwa kuwa mashine na wagonjwa wa huku hawafanani na wa kule.

Mzamivu_Ujerumani: Naongezea kwa Daktari. Jifunze lugha ya programu ya Python, fanya mazoezi kwa ImageJ, programu ya kuchambua picha ambayo hailipiwi, kisha chukua U-Net, muundo wa mtandao wa neva wa kubainisha sehemu za picha uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, uuandike mwenyewe mpaka uelewe kila tabaka linafanya nini. Data igawe kwa mgonjwa, si kwa picha, maana vipande vya ubongo mmoja vikiingia pande zote mbili, za kufundishia na za kupimia, matokeo yatapendeza bila kuwa ya kweli. Kuhusu ajira nakueleza wazi: mikataba mingi ya baada ya uzamivu huku Ulaya ni ya muda mfupi, kwa hiyo usichague msimamizi kwa jina la chuo, uliza wanafunzi wake wa zamani wako wapi leo. Wala mlango hauko Ulaya peke yake. Makerere wameunganisha simu na darubini kutambua vimelea vya malaria, na MICCAI, mkutano wa kimataifa wa uchambuzi wa picha za kitabibu kwa kompyuta, ulifanyika Marrakesh mwaka 2024, mara ya kwanza barani Afrika.

FundiEksirei: Nashukuru sana. Je, naweza kuanza na picha za ultrasound zilizopo hospitalini kwetu?

DaktariWaPicha: Usinakili hata moja kabla ya kupata kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya hospitali. Ukishavipata, kumbuka kwamba kufuta jina katika taarifa za faili la DICOM, yaani muundo wa kuhifadhia picha za kitabibu, hakutoshi, kwa sababu mashine nyingi za ultrasound huandika jina la mgonjwa juu ya picha yenyewe. Programu ndogo ya kutafuta na kuziba maandishi hayo ni mradi mzuri wa kuanzia, na unaweza kuijaribu hata sasa kwa picha unazopiga unapokagua mashine, pasipo mgonjwa, ukijaza majina ya kubuni.