Vyumba viwili, watu saba: tukipanga Jumamosi, Jumatano kumerudi kulekule

BintiTabata aliuliza:
Habari za jioni wakuu. Nyumba ni ya kupanga: vyumba viwili, sebule, jiko dogo na stoo ya futi 4 kwa 5. Tuko saba, wazazi, watoto wanne (wa kwanza yuko darasa la sita, wa mwisho ana miezi minane) na dada wa kazi. Nguo safi zinalala kwenye kochi siku tatu. Uvunguni kuna viroba ambavyo hakuna anayejua vina nini. Jikoni mifuniko haiendani na vyombo. Nimepanga kununua kontena kumi kubwa za plastiki. Nichukue za ukubwa gani, na nianzie wapi?

MpangaStoo:
Dada, hela ya kontena itunze kwanza. Ukinunua leo zitajaa vitu vilevile, na zenyewe zitakula njia ya kupita. Kontena hununuliwa mwisho, baada ya kupima vilivyobaki.

Kinachokurudisha nyuma kila Jumatano ni nguo. Kochi limejaa kwa sababu kabati limejaa. Nguo iliyokauka haina pa kwenda. Basi piga hesabu. Mkifua Jumatano na Jumamosi, siku nyingi zaidi kati ya kufua na kufua ni nne. Ongeza mbili za kukauka wakati wa masika, ongeza moja ya akiba: kila mtoto anahitaji nguo pea saba za kushindia. Sare ni mashati matatu na suruali au sketi mbili. Nguo za kutokea, mbili au tatu. Mashuka jozi mbili kwa kila kitanda, moja imetandikwa na nyingine iko kwenye kufuliwa. Mtoto mchanga mhesabie peke yake, huyo anabadilishwa mara nne kwa siku.

Zinazozidi hapo zigawe makundi matatu tu: za kumsubiri mdogo wake, za kugawa, za kufanya matambara. Za kumsubiri mdogo ziandikie umri kwa kalamu ya maka juu ya mfuko: "miaka 3–4". Bila maandishi, mtoto atafika umri huo na kuupita huku mfuko uko uvunguni, nanyi mmeshanunua nyingine mtumbani.

Hapo kabati litapumua, na kochi litaachwa wazi bila kumgombeza mtu.

Fundi_Mbao:
Nakubaliana kuhusu nguo. Niongeze upande wa stoo. Usipange vitu chini, panda na ukuta. Futi 4 kwa 5 ukiweka rafu tatu pande mbili, unapata nafasi kubwa kuliko makabati mengi ya dukani.

Tahadhari: nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa tofali za saruji, na nyingine zina matundu ndani. Msumari wa zege utashika wiki moja kisha unang'oka na plasta. Toboa kwa drili ya milimita 8, weka fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani) ya namba hiyohiyo na skrubu ndefu inayopita plasta na kuingia kwenye tofali lenyewe. Mabraketi yasiachane zaidi ya sentimita 60, la sivyo ubao utapinda katikati. Mbao za unga zilizoshindiliwa (MDF) usiweke stoo wala jikoni. Zikilowa zinavimba pembeni, zinapasuka, na hazirudi. Na kabati lolote refu la chumba cha watoto lifunge ukutani kwa angulo (vyuma vya pembe) mbili juu. Mtoto akivuta droo zote na kupanda, linamwangukia. Muombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa.

MamaMapacha:
Mimi sianzii stoo, samahani mkuu. Ukiimwaga stoo sebuleni na una mtoto wa miezi minane anayetambaa, saa saba mchana vitu vyote vinarudishwa ndani kama vilivyotoka. Toa kiroba kimoja, weka saa dakika 45, kimalize, ndipo ufungue kingine. Vya kuondoka vitoke ndani ya siku mbili: vyuma chakavu kwa wanunuzi wanaopita mtaani, nguo kwa mliyemkusudia. Kiroba cha "kugawa" kikikaa nyuma ya mlango wiki nzima, watoto wanakifungua tena. Na vitu vya mume au vya dada wa kazi msivitupe bila kuwauliza.

Jikoni ni kazi ya saa moja. Panga kila chombo na mfuniko wake mezani. Kisicho na mwenzake kitoke, au kiwe cha kuwekea pini na vifungo. Unga na mchele usimimine mpya juu ya wa zamani: mayai ya fukusi yanabaki chini ya ndoo na kuhamia kwenye mpya. Maliza, osha, anika ndoo mpaka ikauke kabisa. Kama friza yenu inagandisha vizuri (-18 °C), unga mpya ukae humo siku nne kwanza, mayai hayaponi.

Maboksi ya karatasi ngumu yatoe jikoni na stoo kote. Mende hujificha na kutaga kwenye yale mawimbi ya katikati.

BintiTabata:
Asanteni sana. Na vile viroba vya sweta na mablanketi uvunguni? Nimezoea kuweka naftalini.

MpangaStoo:
Naftalini usiitumie kabisa kwenye nguo za mtoto mchanga, hata zikiwa zimekunjwa kando. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo upo sana huku kwetu, akivuta harufu yake au kuvishwa nguo zilizokaa nayo, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano. Anika juani siku nzima, kunja zikishapoa, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Blanketi likifungwa na unyevu kidogo tu, litatoka na madoa ya ukungu yasiyofutika.

Sasa hapo ndipo ununue kontena. Pima kutoka sakafuni hadi ubao wa chini wa kitanda, toa sentimita 3. Uvungu wa sentimita 25 unataka kontena isiyozidi 22, mfuniko ukiwa juu yake. Chukua zinazoonekana ndani, mbili kwa kitanda zinatosha. Zisiguse ukuta wa nje, acha nafasi ya vidole vinne, vinginevyo masika ukuta unazilowesha kwa nyuma.

Fundi_Mbao:
Uvungu ukiwa mfupi, seremala anaweza kukuongezea miguu ya inchi 4. Hakikisha kitanda kinakaa wima bila kuyumba kabla hujamlipa.