Sijakopa, sijadhamini mtu: namba yangu imefikaje kwa hawa wakopeshaji wa mtandaoni?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, upande wa Majengo, mwaka wa 14 sasa. Sijawahi kukopa kwenye simu na sijawahi kumdhamini mtu. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita naamshwa na meseji za watu nisiowajua wakiniita mdhamini wa mwizi. Ya kwanza iliingia saa 10 na dakika 40 alfajiri. Naikumbuka kwa sababu nilidhani ni msiba, maana nani mwingine anakutafuta saa hiyo? Nikawasha taa, nikasoma: "Mwambie ndugu yako alipe hela za watu leo kabla ya saa 4, la sivyo na wewe tunakuanika." Chini yake jina kamili la binti niliyemfundisha kushona.

Binti huyo aliolewa mwaka juzi, lakini msimu wa sare za shule bado anakuja kunisaidia. Nilimpigia asubuhi ile ile, akaja analia. Kodi ya chumba ilikuwa imepungua, akaona tangazo Facebook, akabonyeza linki. Aliomba 60,000. Ikaingia 39,000, iliyobaki wakaiita ada. Siku ya saba wanataka 60,000 kamili, na kila siku ikipita inapanda.

Nilimwambia anionyeshe alichobonyeza. Simu yake ipo kwa Kiswahili. Aplikesheni inapofunguka inauliza kama unairuhusu "ifikie anwani zako". Anwani! Mimi na yeye anwani tunayoijua ni ile ya Sanduku la Posta, au mtaa unakoishi. Akaona ni jambo la kawaida mkopeshaji kutaka kujua unakaa wapi, akabonyeza Ruhusu. Kumbe kwenye simu "anwani" ni kila jina na kila namba uliyosevu. Kwa kidole kimoja alimkabidhi mtu asiyemjua mimi, mchungaji wake, mwenye nyumba, muuza mkaa, bodaboda wake, wenzake wa kikoba na baba mkwe wake aliyeko Kongwa. Hakuna aliyetuuliza hata mmoja.

Siku ya nane usiku wakafungua kundi la WhatsApp. Tulijikuta humo watu 46. Picha ya kundi ni ile aliyojipiga ameshika kitambulisho cha NIDA kifuani, wameandika TAPELI kwa wekundu juu ya paji la uso. Namba ya NIDA inasomeka tarakimu zote 20. Wakuu, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Watu 46 wanazo sasa, na sijui wangapi wamezituma kwingine. Anayetaka kumtapeli binti huyu akijifanya anatoka benki, kazi imeshafanywa nusu.

Baba mkwe ana kitochi, yeye alipelekewa meseji ya kawaida, mjukuu akamsomea kwa sauti mbele ya wageni. Kwamba mke wa mwanao ni mwizi na anajiuza ili alipe madeni. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kiasi kwamba hata kula hawakai pamoja. Sasa mzee amesomewa maneno hayo, na binti naye anajua kwamba mzee ameyasikia. Atampelekea maji ya kunawa kwa uso gani? Mumewe ameshaitwa Kongwa mara mbili kujieleza. Hilo hata akilipa 60,000 yao leo halifutiki.

Najua kuna watakaosema mkopaji ndiye mwenye makosa, dawa ya deni ni kulipa. Sawa. Alipe, na nimemwambia alipe kile kilichoingia mkononi mwake pamoja na riba ya haki. Lakini nijibuni mimi: nilikopa nini? Namba yangu kuwa kwenye simu yako haikufanyi uwe na haki ya kuigawa. Nilikupa ili unipigie nguo ikichelewa.

Mimi nina daftari la vipimo. Ndani yake mna kiuno, kifua na nyonga za wanawake wa nusu ya mtaa huu, na namba zao za simu. Nina wateja wajawazito ambao nilijua kabla ya waume zao kujua, kwa sababu niliongeza inchi. Mwanaume mmoja aliwahi kunipa 20,000 nimpe namba ya mteja aliyemwona akitoka kibandani kwangu. Nikamfukuza. Sikuwa nimesoma sheria yoyote, nilijua tu kwamba kilichoandikwa mle ni cha watu. Ikiwa fundi wa pembeni ya barabara analijua hilo, kampuni yenye wanasheria inashindwaje?

Na sheria ipo, wakuu, msidanganywe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amejisajili, awe na sababu halali, na asizitumie kwa jambo tofauti na lile alilozikusanyia. Kampuni inayofichua taarifa za watu kinyume cha sheria inaweza kupigwa faini hadi bilioni 5. Kabla ya hapo kuna Katiba, ibara ya 16, inayotaja maisha yako binafsi, unyumba wako na mawasiliano yako kuwa vitu vinavyopaswa kuheshimiwa. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Hata Google wenyewe, tangu Mei 31, 2023, hawaruhusu aplikesheni za mikopo zilizopo Play Store kusoma namba na picha kwenye simu ya mtu. Ndiyo maana hawa siku hizi wanakutumia linki, faili linashuka moja kwa moja, simu inakuonya, na wewe mwenye shida ya kodi unabonyeza Endelea.

Kwa hiyo nikaenda kulalamika. Hapa ndipo hasira yangu ilipopanda hadi nikashindwa kushona siku nzima.

Ofisi ya kwanza, nisiyoitaja, nilikaa kwenye benchi toka saa 2 hadi saa 5. Kijana wa mezani akasema, "Mama, leta mkataba wa mkopo." Nikamwambia sina mkataba, sijakopa. Akasema bila mkataba wewe si mhusika, mhusika ndiye aje alalamike. Nikamsomea meseji tatu zenye jina langu. Akasema, "Hao ukiwanyamazia wanachoka." Kituo cha polisi nilipata RB, yaani namba ya taarifa niliyoripoti, baada ya kubishana, na aliyeniandikia akanishauri nimwambie mwenzangu alipe yaishe. Yaani mtu ananitukana mimi, ananitishia mimi, halafu natumwa nikamkusanyie deni!

Na hilo ndilo wanalolitaka hao wakopeshaji. Hawana haja ya kwenda mahakamani, hawana dhamana, pengine hata leseni hawana. Dhamana yao ni aibu. Wanajua mtu wa Dodoma au wa Singida atauza hata kuku wa mwisho ili mkwewe asisikie. Sisi wengine 45 ndio fimbo wanayompigia.

Jingine linaloniumiza ni hili. Mwishoni mwa 2019 tulipanga foleni juani kuweka alama za vidole, tukaambiwa laini isiyosajiliwa itafungwa Desemba 31, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mama yangu mzazi vidole vilikuwa havisomeki kwa sababu ya jembe, tukarudi mara tatu. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa wahalifu hawatakuwa na pa kujificha. Haya, meseji zinazonijia zinatoka kwenye laini za tarakimu kumi kama yako na yangu. Kila laini ina kidole cha mtu na namba ya NIDA. Nimetuma taarifa kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli, namba moja ikanyamaza, kesho yake ikaja nyingine na matusi yale yale, neno kwa neno. Hizo laini amesajili nani? Kwa vidole vya nani? Mimi mwenye laini moja najulikana hadi tarehe ya kuzaliwa, wao wanabadilisha laini kama nyuzi za cherehani.

Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, kamishna wao wa data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni shilingi 2,975,000 za kwao kwa kosa hili hili, la kutumia majina na namba za watu zilizochukuliwa kwenye simu za wengine na kuwatumia vitisho. Waliolalamika walisikilizwa. Sijasikia aliyeambiwa alete mkataba.

Naomba kwa aliyewahi kulalamika kama mtu asiyekopa, akapewa barua au namba ya jalada, aniambie alianzia dirisha gani na alibeba nini. Wanaotaka kuandika "block tu" wapite, nimeshablock hadi nimechoka.

Jumatatu narudi kule kwenye benchi, na binti tunakwenda wote. Namba zilizonitukana ni 23. Nilikuwa naziandika kwenye daftari la vipimo kila zinapoingia, leo jioni nimekaa nikazinakili zote kwenye karatasi safi, na tarehe na saa zake. Daftari lenyewe linabaki kibandani, siwezi kulifungua mezani kwa mtu.