Ushauri: Mpwa wangu ana usonji na anaelewana na ng'ombe kuliko watu. Nimruhusu afanye kazi ya mifugo?

MwanaChamwino (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Mbukwenyi kwa wale wa nyumbani. Naomba ushauri, na wenye matusi naomba wapite tu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, naishi naye huku Chamwino. Ana usonji, hospitali walituthibitishia tangu akiwa mdogo. Maneno yake ni machache sana. Akisikia mashine ya kusaga anaziba masikio anakimbia, shati likiwa na lebo shingoni halivai. Lakini akiwa na ng'ombe ni mtu mwingine kabisa.

Tulikuwa mnadani Msalato, kuna tajiri anapakia ng'ombe kwenye fuso, ng'ombe wakagoma. Vijana wanapiga fimbo, wanakunja mikia, mmoja ana mti wenye msumari. Hawapandi. Kijana akaniachia mkono, akaenda kuchuchumaa chini ya ngazi ya kupakilia, kichwa chake usawa wa kichwa cha ng'ombe, akawa anaangalia ndani ya gari. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kupiga kelele kwamba atakanyagwa. Kisha akapanda, akafungua mnyororo uliokuwa unaning'inia mlangoni, ule unaochezacheza na kumulika jua, akauweka chini. Akatoa na koti la mtu lililotundikwa ubavuni. Akashuka akakaa pembeni. Dume la kwanza likashusha kichwa, likanusa mbao, likapanda. Waliobaki wakafuata bila fimbo.

Tangu siku hiyo watu wananitafuta. Swali langu: mtoto wa hali hii anaweza kufanya kazi ya mifugo akalipwa kama mtu mwingine? Sitaki kumuonea, na sitaki kumzibia riziki.

Mtemi_77
Nimeweka kambi hapa. Anayeuza kahawa apitie.

MzeeWaZabibu
Kijana, hayo mambo yapo. Marehemu baba alikuwa na maksai wa kulimia kule Hombolo. Kulikuwa na sehemu kwenye korongo hawavuki, utapiga mpaka mkono uchoke. Siku moja mama akatandaza nyasi juu ya lile tope linalong'aa, wakavuka. Baba hakumshukuru, alisema ng'ombe wamechoka kugoma. Siku hizi nimeacha ng'ombe, nina zabibu, na bei ya msimu huu sitaki hata kuiongelea. Nyie mliopo Dodoma mjini mnanunua wapi dawa ya ukungu isiyo feki?

NeemaYatosha
Mtoto haongei na nyie mnawaza pesa? Mpelekeni kwenye maombi kwanza. Mungu hajashindwa.

MamaWaWawili
Dada Neema, na mimi naomba Mungu kila siku na binti yangu bado ana usonji. Ndivyo ubongo wake ulivyokua tangu mwanzo, hakuna aliyemroga. Tuendelee.

Mleta uzi, pole kwa kufiwa na dada na hongera kwa kumlea. Ila umesema "kijana" na hujataja umri. Ana miaka mingapi? Anasoma wapi? Na hao wanaokutafuta, kazi yenyewe ni ipi?

MwanaChamwino
Ana 15. Alikuwa kitengo cha elimu maalumu, kwa sasa amepumzika. Kazi ni hiyohiyo ya kusaidia ng'ombe wapite bila kupigwa. Mbona ni jambo jema?

AfisaMifugoMstaafu
Nimefanya kazi ya ugani wilaya za Kongwa na Mpwapwa mpaka nikastaafu, ngoja niseme kidogo kuhusu alichokifanya huyo kijana, maana kimenigusa.

Ng'ombe macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, lakini kupima kina cha kitu kilicho chini ni tabu kwake mpaka ashushe kichwa na apewe muda. Kivuli kikali sakafuni anaweza kukichukulia kama shimo. Maji yanayomulika, kitu kinachopepea, kutoka kwenye jua kali kuingia mahali penye giza, vyote vinamsimamisha. Masikio nayo: anasikia sauti nyembamba hadi takriban kilohezi 35 (yaani mitetemo elfu 35 kwa sekunde), binadamu tunaishia kama 20. Chuma kikigongana, wewe unasikia kelele tu, yeye kinamchoma.

Sisi wengine tukiangalia fuso tunaona fuso. Kijana ameona mnyororo, koti, mwanga, kimoja kimoja, kwa sababu hata yeye vitu hivyo vinamsumbua. Amechuchumaa akaenda kutazama kutoka anapotazama ng'ombe. Nimefundisha wafugaji miaka mingi na wachache sana waliwahi kufanya hivyo. Wanaanza na fimbo.

Sasa swali, mdogo wangu. Tajiri wa mnadani anapakia siku ya mnada, basi. Hawezi kumlipa mtu mshahara kwa ajili ya hilo. Anayekutafuta ni nani hasa?

Mtemi_77
Hapo sasa. Funguka mkuu.

MwanaChamwino
Sawa. Ni mtu wa machinjio. Sitasema ni ipi, msinitafutie kesi.

Wana tatizo ng'ombe wanagoma kwenye kichochoro cha kuingilia, wanarudi nyuma, wanaangukiana. Kijana akitangulia mbele wanamfuata, wanaingia wenyewe mpaka kwenye kile kibanda cha chuma wanaposimamishwa. Yeye anatokea mlango wa pembeni. Haoni kisu. Na kabla mtu hajasema kitu: kule walikuwa wanachapwa mpaka wanavunjika pembe. Sasa hawachapwi. Nani kaumia hapo?

MamaWaWawili
Umesema "hawachapwi", siyo "hawatachapwa". Ameshaanza?

MwanaChamwino
Amekwenda mara chache kwa majaribio. Hela ya kwanza nimeshapokea, imeenda kwenye bati za nyumba ambayo na yeye analala humo. Mlitaka nifanyeje? Kulea siyo maneno ya mtandaoni.

NeemaYatosha
Yuda naye alipokea kwanza.

MamaWaWawili
Acha hizo. Mleta uzi, baada ya kurudi yukoje?

MwanaChamwino
Analala zizini. Ukimtoa anarudi. Nyama hataki kuiona. Lakini hata zamani alikuwa na vipindi vyake, kwa hiyo siwezi kusema ni machinjio moja kwa moja.

HakunaChaBure
Jamani hii ni CHAI, tena yenye tangawizi. Huyu kasoma habari za Temple Grandin wa Marekani, kabadilisha Arizona ikawa Msalato, kaongeza fuso. Yule mama ana usonji, alichelewa kuongea, aliingia kwenye vichochoro vya ng'ombe kutazama wanachokiona, akakuta minyororo inaning'inia na makoti yametundikwa kwenye uzio. Makoti na minyororo, neno kwa neno! Mleta uzi anatengeneza hadithi, nyie mnalia.

Mtemi_77
Duh. Kahawa imepoa.

MzeeWaZabibu
Huyo Temple ni nani? Kanisa?

Mwalimu_Bahi
Mzee wangu, ni profesa wa sayansi ya wanyama, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Alizaliwa Boston mwaka 1947, alikaribia miaka minne ndipo akaanza kuongea. Akiwa msichana alikaa kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, akaona ng'ombe wakibanwa pande zote mbili kwenye kibano cha chanjo, na baadhi yao wanatulia. Naye alikuwa na hofu zisizokwisha, akajitengenezea kibano chake cha mbao ili kimtulize. Baadaye akasanifu vichochoro vya kupinda kwa ajili ya machinjio. Ng'ombe akipita kwenye kona hawaoni watu walio mbele, na anajiona kama anarudi alikotoka, jambo analolipenda. Mwaka 1999 kampuni ya migahawa ya McDonald's ilimchukua akague machinjio yaliyowauzia nyama, na alikagua kwa kuhesabu: wangapi wamelia, wangapi wameteleza, wangapi wameshindwa kuzimishwa kwa pigo la kwanza. Hakuingia kwenye ubishi wa nani ana huruma zaidi, alihesabu.

Ila ndugu yangu Hakuna, kama ng'ombe wa Arizona anaogopa mnyororo, wa Msalato kwa nini asiuogope? Macho ni yaleyale. Kufanana siyo ushahidi wa uongo.

Na niongeze kwa wale wanaotaka kumfanya mtoto huyu mganga. Grandin anasema akili ya mnyama na ya mtu mwenye usonji zinafanana kwa namna fulani, zinashika picha na vitu vidogovidogo. Wapo waliompinga. Mwaka 2008 mtafiti Giorgio Vallortigara na wenzake waliandika kwenye jarida la PLoS Biology kwamba uwezo wa wanyama ni wa kila aina kwa maisha yake, usifananishwe na usonji. Na wenye usonji nao hawafanani, wapo wasiofikiri kwa picha kabisa, wapo wanaoogopa ng'ombe. Huyu kijana ana jicho lake, limetokana na usonji wake na kukaa zizini tangu utoto. Liheshimiwe kama lake.

MamaWaWawili
Asante mwalimu. Binti yangu anakimbia hata kuku.

HakunaChaBure
Maelezo mazuri, chai bado chai. Kama ni kweli, mleta uzi aseme huko machinjioni ng'ombe waligomea wapi. Mahali penyewe.

MwanaChamwino
Sina haja ya kukuthibitishia. Lakini andika.

Kuna mfuniko wa chuma wa mfereji, wenye vitobo, umekatiza sakafu kabla ya kona. Asubuhi wakishamwaga maji unamulika, na chini yake maji yanapita yana sauti. Ng'ombe wote wanasimama hapo, miguu ya mbele imekakamaa. Siku ya kwanza kijana naye alisimama hapohapo. Tulimsukuma akakataa. Alivua shati akalitandika juu ya ule mfuniko ndipo akavuka, na ng'ombe wakapita juu ya shati. Ndiyo wakasema atangulie kila siku.

AfisaMifugoMstaafu
Hakuna, hilo la mfuniko wa mfereji hulipati kwa kukaa Dar es Salaam. Nimewahi kuona ng'ombe aking'ang'ania mahali kama hapo mpaka akavunjika mguu.

Sasa mleta uzi nisikilize, kwa sababu umejijibu bila kujua. Kijana wako aliwaambia tatizo siku ya kwanza: mfuniko. Alilifunika kwa shati lake. Machinjio ingeweka mkeka wa mpira pale au ikahamisha mfereji, ikawasha taa upande wa ndani ili ng'ombe waende kwenye mwanga, ikaziba pembeni kwa ubao. Wao wakaona nafuu kumtumia mtoto kila asubuhi. Wanalipa miguu yake, wakati alichowapa ni macho yake.

Na tajiri mwenyewe anapata hasara asiyoijua. Ng'ombe akihangaika sana kabla ya kisu, sukari ya kwenye misuli inaisha, nyama haipati asidi yake ya kawaida, inatoka nyeusi, kavu, inaharibika upesi. Mwambie kwa lugha hiyo, ataelewa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008.

Mwalimu_Bahi
Na ya ajira ya 2004: mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomkatizia masomo. Aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi za hatari. Kichochoro chenye madume nyuma yako ni kazi nyepesi?

MwanaChamwino
Hayo ya sheria nayajua. Lakini mseme ukweli, asipokwenda fimbo zinarudi. Yeye mwenyewe akiona ng'ombe anapigwa anajigonga kichwa. Nikimtoa nimewaokoa nani?

MamaWaWawili
Hapo ndipo ninapokuelewa kidogo. Sasa umemuuliza?

MwanaChamwino
Nimekwambia haongei.

MamaWaWawili
Binti yangu naye. Tunatumia picha. Piga kwa simu picha ya mlango wa ile machinjio, picha ya zizi lenu, picha ya darasa la kitengo. Ziprinti mjini, ni hela ndogo. Ziweke mezani wakati ametulia, usimsimamie usoni, usimuulize mara mbili mbili. Angalia anashika ipi, anasukuma ipi. Rudia siku nyingine ukiwa umebadilisha mpangilio. Anayewafuata ng'ombe kwa umakini ule ana jambo la kusema kuhusu wanakoishia. Wale ng'ombe wanamfuata kwa sababu wanamwamini, na huenda analijua hilo kuliko sisi wote humu.

HakunaChaBure
Mimi bado nina mashaka, ila kama ni kweli, rudisha hela ya watu. Uza hata mbuzi.

MwanaChamwino
Mbuzi ninao wawili wa kuuza. Hazitoshi lakini ni mwanzo.

Tajiri anakuja kesho kutwa. Nitamwambia hivi: kijana hatangulii tena mbele ya ng'ombe. Akitaka, aje asubuhi kabla ng'ombe hawajafika, atembee kichochoroni na mimi, anachokigomea kirekebishwe siku hiyohiyo, tulipwe kwa hilo na tuondoke. Akikataa basi. Na hata hilo nalifanya baada ya picha, siyo kabla.

AfisaMifugoMstaafu
Nipo Dodoma mjini, nitakuja nikusaidie kuongea naye. Nitumie namba kwa ujumbe wa pembeni. Usikubali mazungumzo yawe wewe na yeye peke yenu.

MamaWaWawili
Na kitengo? Ulisema amepumzika. Nani alimpumzisha?

MwanaChamwino
Mimi. Muda wa asubuhi ulikuwa unagongana na machinjio. Nitakwenda kuongea na mwalimu wake Jumatatu.

MamaWaWawili
Nenda naye. Na apite njia isiyo na mashine ya kusaga.