Kanisa limetangaza mfungo wa siku 21, kazini ni kufunga hesabu. Nafanyaje? Naomba ushauri

MamaWawili_Kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na heri ya mwaka mpya.

Naombeni ushauri, hasa ninyi wenye ajira na watoto wadogo. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Dar. Mwaka wetu wa hesabu unaishia Desemba 31, kwa hiyo wenzangu wakiwa bado wanakula sikukuu, mimi ndiyo naanza: kuhesabu bidhaa stoo, kulinganisha vitabu na taarifa za benki, kuwafuata wadaiwa, na kabla sijamaliza wakaguzi wameshaketi ofisini wanataka stakabadhi. Kodi ya mishahara ya Desemba inatakiwa TRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 7, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Hizo hazingoji mtu.

Nyumbani, mume wangu amehamishiwa Dodoma, anakuja mwisho wa mwezi. Mkubwa anaanza darasa la kwanza, mdogo bado ananyonya. Dada wa kazi alikwenda kwao Krismasi na mpaka leo simu haipatikani, mtoto nashinda kumwacha kwa jirani. Nimejipanga kufanya mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaalamu, ya Mei. Jumuiya imenichagua katibu. Na kwaya nayo ipo.

Sasa kanisa limetangaza mfungo wa siku 21 na ibada kila jioni, saa 11:30 mpaka saa 2 usiku. Mfungo huu naupenda kweli, ndiko nilikojifunzia kuomba. Lakini mwaka huu nikitoka mjini saa 11, na foleni ya kupanda mwendokasi, Kimara nafika saa moja na watoto hawajala. Usiku nikipiga magoti nasinzia. Nashtuka saa nane, paji la uso liko kwenye godoro, taa inawaka, Biblia iko wazi ukurasa uleule nilioanzia.

Jumapili aliyetoa matangazo alisema asiye na muda na Mungu Januari asitegemee Mungu awe na muda naye hadi Desemba. Najua alisema kwa nia njema, ila neno hilo limenikaa. Kila nikiwasha kompyuta asubuhi naona kama nimechagua kazi nikamwacha Bwana.

Je, nikiacha ibada hizi za jioni nakosea? Na mtu mwenye ratiba kama yangu anaombaje mwaka mzima bila kudanganya nafsi yake?

BintiSayuni

Pole dada. Mimi nakushauri usiache. Januari ndipo vita ilipo, na adui anapenda kutumia shughuli kuliko dhambi, maana shughuli haziogopwi. Danieli alikuwa mkubwa serikalini na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku. Omba ruhusa kazini utoke saa 10, Mungu atakutetea. Nimewaona watu wakipunguza maombi mwezi wa kwanza, kufika wa tatu hata Jumapili hawaonekani. Nasema kwa upendo.

MwalimuMstaafu_Moshi

Mwanangu, pole na majukumu.

Binti Sayuni amesema kweli kuhusu Danieli, ila tumsome vizuri. Danieli 6:10 inasema aliingia nyumbani mwake, madirisha ya chumba chake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akasali kama ilivyokuwa kawaida yake. Nyumbani mwake. Na mwisho wa sura ya 8, baada ya maono yaliyomlaza mgonjwa siku kadhaa, aliinuka akarudi kwenye shughuli za mfalme. Hakuona kuwa kazi ya mfalme inamtenga na Mungu wake. Hata yale majuma matatu ya sura ya 10, ambayo makanisa mengi huyatolea mfano wa siku 21, aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haikuandikwa kwamba alilazimika kuwa mahali fulani kila jioni.

Halafu fungua Kutoka 18. Yethro alimkuta mkwewe Musa amekaa kuamua watu tangu asubuhi hata jioni. Na kazi ya Musa ilikuwa takatifu, watu wanakuja kumwuliza Mungu. Mzee yule angeweza kusema, "Omba upewe nguvu zaidi." Badala yake alimwambia wazi kuwa afanyalo si jema, atachoka yeye na watu wake, agawe kazi. Kwa hiyo kabla hujatafuta saa za kuomba, tazama unabeba nini ambacho kinaweza kubebwa na mwingine. Ukatibu wa jumuiya una msaidizi? Mkabidhi daftari mpaka Pasaka. Kwaya omba ruhusa kwa maandishi, usipotee tu. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na naomba nisikike kwenye hili: sisi viongozi tunawarundikia kazi walewale wanaokubali, kisha tunashangaa wakipoa.

La kuomba. Mwaka 1535 Martin Luther aliulizwa na kinyozi wake, jina lake Peter, mtu aombeje. Luther alimjibu kwa maandishi. Alimwambia sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ajihadhari sana na lile wazo la "ngoja kwanza nimalize hili". Achukue Amri Kumi, Imani au Baba Yetu, akae na kipande kimoja moyo ukipata moto. Kisha akamwambia kwa lugha ya kazi yake: kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe, akianza soga atamkata mteja pua au koo. Huyo alikuwa anazungumza na fundi mwenye wateja mlangoni, na wewe una wateja mlangoni. Chukua "Utupe leo riziki yetu" uiombe wiki nzima, kila asubuhi kabla hujawasha hiyo kompyuta. Wiki ijayo chukua "Utusamehe deni zetu". Wewe mhasibu utaielewa kuliko sisi.

NesiZamuYaUsiku

Natoka zamu, naandika nikiwa kituoni nangoja daladala.

Kwanza afya. Dada, unanyonyesha. Usifunge kavu, wala kupitisha siku nzima bila maji. Wengi tunawapokea wameishiwa nguvu na wanaona aibu kusema walikuwa kwenye mfungo. Kunywa, kula, na ukitaka kujinyima kitu mbele za Mungu, jinyime soda, nyama, au simu baada ya saa tatu usiku. Waulize na kliniki unapompeleka mtoto.

Pili huko kusinzia. 1 Wafalme 19, Eliya amechoka hadi anaomba afe, akalala chini ya mretemu. Malaika alimgusa akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake pana mkate na maji. Alikula akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akaambiwa ale maana safari ni kubwa mno kwake. Sijaona mahali amekaripiwa kwa kulala. Usiku wewe lala. Sema Baba Yetu umekaa, siyo umepiga magoti kwenye godoro, kisha zima taa.

Tatu, kazini. Mimi naosha mikono kabla ya kila mgonjwa. Maji yakitiririka namtaja: Bwana, huyu mama wa kitanda cha nne, presha yake. Nafunga bomba kwa kiwiko, naenda. Usiku mmoja hizo ni sala nyingi. Nehemia, pale mfalme alipomwuliza una haja gani, alimwomba Mungu wa mbinguni papo hapo, akajibu. Angechelewa, mfalme angeudhika. Ila soma na sura ya kwanza: alikuwa ameshalia na kufunga siku nyingi kabla ya hapo. Zile fupi zinasimama juu ya ile moja ndefu. Kwa hiyo tafuta saa moja ya kweli katika wiki, ya kwako na Mungu, na uilinde kama unavyoilinda tarehe 20.

BintiSayuni

Sikuona kwamba ananyonyesha. Nesi asante, kwenye hilo nakubali. Bado nasema asikae mbali na wenzake kabisa, mtu akiwa peke yake anazimika. Achague hata jioni moja kwa wiki.

MjukuuWaMeru

Bwana asifiwe. Mimi niko Kenya, kanisa la Methodist. Kwetu mwanzoni mwa mwaka tuna ibada ya Agano, desturi iliyoanza kwa John Wesley kule London mwaka 1755. Watu wote wanasimama na kumkabidhi Mungu mwaka wao kwa sauti moja. Ndani yake kuna ombi ambalo mara ya kwanza nilishindwa kulitamka: unamwambia Mungu akuweke kazini au akuweke kando, kwa ajili yake. Akuweke kando pia!

Nilikuwa nimezoea kuja Januari na orodha: nipe hiki, nisaidie kile. Dadangu, huenda mwaka huu Mungu amekuweka kazini pale ofisini na kwa hao watoto, na amekuweka kando kwenye kwaya. Mtu anaweza kutumwa kupumzika. Mwambie tu kwa maneno yako mwenyewe: mwaka huu ni wako, pale utakaponitumia sawa, pale utakaponiweka kando sawa. Mimi hilo lilinichukua muda kulikubali, lakini lilinipa usingizi.

Mkatoliki_Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tuna sala ya Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Wakulima walisimama shambani kengele ikilia. Dakika chache tu. Weka kengele ya simu, saa 6 mchana soma mstari mmoja wa Zaburi ya 90, "utujulishe kuzihesabu siku zetu", urudi kwenye hesabu zako.

Mkaguzi_Ilala

Shemeji, mimi ni mkaguzi, mmoja wa hao wanaokutaka stakabadhi. Kodi ya mishahara na VAT haziwezi kusogea, ila CPA inasogea. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ipo Mei na Novemba. Kwa mtoto anayenyonya na mume yuko mbali, mimi ningeenda Novemba.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: bwana wa Dodoma anasemaje? Sijasikia jina lake kwenye kuomba. Anaweza kukupigia saa 11 alfajiri muombe pamoja kwa simu kabla watoto hawajaamka. Na habari ya kumtafuta dada wa kazi mwingine aishike yeye, simu anayo hata akiwa Dodoma. Yakobo anatufundisha kusema "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Ameandika tutakuwa, siyo nitakuwa.

MamaWawili_Kimara

Mwalimu shikamoo. Wapendwa wote asanteni, nimesoma kila jibu, mengine nimeyarudia kwenye basi.

Nimeongea na mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yale maneno ya matangazo hayakuwa ya kanisa. Tumekubaliana niende ibada ya Ijumaa tu, nikae viti vya nyuma na mtoto, na anapolia nitoke bila kuomba radhi. Daftari la jumuiya nimemkabidhi katibu msaidizi. Kwaya nimeandika barua. Hapo niliumia, sifichi, naipenda sana sauti ya pili.

Mume wangu anapiga saa 11 alfajiri. Siku ya kwanza hatukujua tuanzeje, tukasema Baba Yetu polepole, akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi, akaanza kuwaombea watoto kwa majina. Hatujawahi kuomba hivyo tukiwa nyumba moja. Mimi ndipo nilipojua naye amebeba mengi huko.

Kazini nimeanza na "riziki yetu". Kuna mdaiwa mmoja nilikuwa namwandikia kwa hasira, nikajikuta namwombea kabla ya kubonyeza kutuma. Deni lake liko palepale na nitaendelea kumdai.

CPA bado sijaamua. Moyo unataka Mei kwa sababu ya mshahara, si kwa sababu niko tayari. Mkaguzi, ulipitia hiyo ya Novemba mwenyewe, au unashauri kwa kuona wengine? Na kuna mama yeyote aliyesoma akiwa ananyonyesha anieleze ilikuwaje, bila kunipamba?

Mkaguzi_Ilala

Kwa kuona wengine, dada. Mke wangu alifanya Mei akiwa na mtoto mchanga, nitamwomba aje aandike mwenyewe, nisimsemee.

BintiSayuni

Njoo Ijumaa, usiache. Na tarehe 20 ukishatuma VAT tuandikie hapa, mpaka siku hiyo nakutaja kila jioni. Dada wa kazi amepatikana?