Naomba ushauri: programu ya Qt inaanguka nikisoma faili kubwa kwenye thredi ya pili

Wakuu habari zenu. Natengeneza programu ya kompyuta kwa C++ na Qt 6 (maktaba ya kutengenezea madirisha). Inasoma faili za CSV (data ya jedwali iliyotenganishwa kwa mkato), nyingine zinafika GB 2, na kuzionyesha kwenye jedwali. Mwanzoni ukibonyeza kitufe cha kufungua faili, dirisha lilikuwa linapauka na Windows kuandika kwamba programu haijibu. Hilo nalielewa: thredi kuu (mkondo mkuu wa kazi ndani ya programu) ndiyo inayochora dirisha na kupokea mibofyo ya mausi, ukiibebesha usomaji kila kitu kinakwama.

Nimehamishia usomaji kwenye thredi ya pili kwa QThread, darasa la Qt la kuendesha thredi. Kuganda kumekwisha, ila sasa programu inaanguka hovyo, leo mwanzoni, kesho ikikaribia kumaliza. Nashuku setText() ya QLabel, inayobadilisha maandishi ya lebo dirishani, kwa sababu inaitwa kutoka thredi ya pili, na Qt hairuhusu kugusa wijeti (vitu vya dirishani kama lebo na vitufe) nje ya thredi kuu. Dawa ya kubaki thredi kuu na kuita processEvents(), inayoliacha dirisha lishughulikie mibofyo katikati ya kazi, siitaki. Mtumiaji akibonyeza kitufe tena, usomaji mwingine unaanza ndani ya ule wa kwanza. Huko ni kutafuta balaa.

Sasa, nitume ishara (signal, ujumbe wa Qt kwenda thredi kuu) kwa kila mstari? Mistari ni mamilioni, foleni si itafurika? Au nikusanye mafungu, tuseme mistari 5,000, ndipo nitume?

Na mtu akifunga dirisha kazi haijaisha, mnaisimamishaje thredi kistaarabu? terminate(), inayoiua thredi kwa nguvu, naiogopa, inaweza kuikata ikiwa bado imeshika kufuli (mutex, inayozuia thredi nyingine kugusa data ileile). Hata kipande kifupi cha kodi kitanifaa.